Waya Mwekundu Ndani ya Uma

Ripoti ya mhandisi wa mahakama ilikuwa na kurasa kumi na moja, na Inspekta Gaspard Vialleton alizisoma zote akiwa amesimama, kwa sababu kiti pekee cha chumba cha vielelezo kilikuwa kimekaliwa na gurudumu la mbele la marehemu. Kurasa kumi zilikuwa za kuonyesha usomi. Ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa na maneno: uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, umekatika shingoni pale unapoungwa kwa shaba, chuma kilipashwa moto kupita kiasi, aliyeunga ndiye mwenye kosa.

Mwenye kosa alikuwa ameshajulikana na ameshatia saini. Anselme Teyssot, umri miaka sitini na minane, mtengenezaji wa baiskeli za safari hapa Saint-Étienne, alikuwa ameandika mstari mmoja tu: "Uma ni wangu na kosa ni langu." Ijumaa saa tatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu. Leo ilikuwa Jumatano. Kama hakuna ambacho kingebadilika kufikia hapo, karakana yake ingefungwa kwa lakiri na yeye angekwenda gerezani kwa kumuua Rémi Chomarat kwa uzembe. Chomarat, mwalimu wa hesabu, alianguka Jumapili, siku kumi zilizopita, akiteremka kutoka Grand Bois kuelekea Bourg-Argental.

"Kesi imeshaiva, Inspekta," alisema Poncet, karani wa vielelezo. "Unaendelea kuchochea moto wa nini?"

"Mtu akikiri haraka namna hii napata kiungulia."

"Kunywa maziwa, basi."

Vialleton hakuwa mtu wa baiskeli. Ya kwake ilikuwa ya kiwandani, nzito kama kabati, na aliipanda kwa kuwa tramu ilimtia kichefuchefu. Lakini hata yeye aliona kwamba baiskeli iliyolala mezani haikuwa kitu cha kununuliwa dukani. Fremu yake ya kijani ilikuwa nyembamba, na madigadi yalikuwa yamegongwa kwa nyundo ndogo mpaka yakafanya vijishimo vya kumeremeta. Kibebea mizigo kilikuwa kimepindwa kwa ajili ya mkoba mmoja tu, wa mtu mmoja tu. Kulikuwa na dainamo, taa ya mbele na taa ya nyuma, na hakuna waya uliokuwa ukionekana popote.

Akauliza swali la mjinga, ambalo ndilo alilokuwa akilipwa kuuliza. Umeme unapita wapi?

Ulipita ndani. Kwenye mguu wa uma uliokatika kulichungulia ncha ya waya, akaivuta kwa koleo. Ulitoka waya mwekundu, laini, msafi kama umetoka dukani jana. Akaenda kwenye taa ya nyuma akavuta na ule wa huko. Huo ulikuwa mweusi, umevikwa kitambaa, na ulipoguswa ulimomonyoka vidoleni. Baiskeli ilitengenezwa mwaka 1947, miaka mitano iliyopita. Waya wa nyuma ulikuwa na umri wa baiskeli. Wa mbele ulikuwa mchanga.

Alizipekua tena kurasa zote kumi na moja. Neno "waya" halikuwemo.

*

Karakana ya Teyssot ilikuwa nyuma ya kituo cha Châteaucreux. Aliyefungua mlango alikuwa Lucienne Peyrard, mwunga shaba, mwanamke wa miaka hamsini hivi aliyevaa aproni ya ngozi na miwani ya kijani juu ya paji la uso. Aliitazama baiskeli ya Vialleton kabla hajamtazama mwenyewe.

"Hiyo umeinunua, Bwana Inspekta, au umehukumiwa nayo?"

"Nimeirithi."

"Pole. Wengine hurithi mashamba."

Aliingia, akaona kigoda karibu na dirisha, akataka kukaa.

"Si hapo," alisema Lucienne haraka. Kisha akapunguza sauti. "Samahani. Hicho ni cha mwalimu. Kila Alhamisi, siku ya mapumziko ya shule, alikuwa anakuja kukaa hapo na maswali yake. Kwa nini shaba inakimbilia moto, kwa nini bomba hili jembamba katikati na nene mwishoni. Miaka mitano. Hatujakigusa."

Vialleton alikaa juu ya sanduku la mabomba.

"Sasa nisikilize," Lucienne alisema kabla hajaulizwa. "Shaba yote ya humu ndani nimeiunga mimi tangu mwaka thelathini na sita. Mzee anakata, anapima, anapinda. Moto ni wangu. Uma ule niliuunga kwa mikono hii. Kama kuna mtu wa kwenda jela ni mimi, na huyo mzee anajitia ushujaa tu."

Hilo lilieleza kukiri kwa haraka, na kwa dakika nzima Vialleton aliamini ameshapata jibu: mzee anamkinga mfanyakazi wake. Lakini alikuja na swali jingine mfukoni. Akaviweka vile vipande viwili vya waya juu ya meza.

Lucienne alivuta droo. Ndani mlikuwa na rola kubwa la waya mweusi wa kitambaa.

"Tulilinunua mara tu vita vilipoisha. Mzee alipata bei nzuri, akanunua wa kutosha mpaka Kiyama. Kila baiskeli iliyotoka humu ina waya huu. Huo mwekundu haujawahi kuvuka mlango wetu."

"Waya unaingizwa lini?"

"Mwisho kabisa. Baada ya kuunga, baada ya rangi kuokwa. Ukiwasha moto pale shingoni na waya umo, mpira wake unakuwa uji."

"Kwa hiyo aliyetia mwekundu..."

Lucienne aliugusa ule mwekundu kwa kidole. Alipozungumza, sauti ilikuwa imebadilika. "Aliyetia mwekundu aliutoa mweusi kwanza, au aliuunguza. Vyovyote vile, moto ulirudi pale shingoni. Na haukuwa moto wangu." Alijifuta uso kwa pindo la aproni, na Vialleton akaona kwamba kwa siku kumi mwanamke huyu alikuwa akiamini ameua mtu.

"Fundi yeyote wa mtaani angeweza?"

"Kuunga, ndiyo. Vibaya, lakini ndiyo. Ila fundi wa mtaani angeuzungusha waya kwa nje, akabandika utepe, akadai hela yake. Kuurudisha ndani ni kazi ya kujitesa. Tazama."

Alichukua mguu wa uma uliokuwa haujapakwa rangi. Akafunga uzi kwenye ncha ya sindano iliyovunjika, akaitumbukiza katika tundu la chini lisilozidi punje ya dengu, kisha akaiongoza kutoka nje kwa sumaku, taratibu, akifuata mpindo wa bomba, mpaka sindano ikachomoza juu. Waya uliofungwa kwenye uzi ukafuata.

"Mimi robo saa. Asiyejua, asubuhi nzima na matusi. Hii ni mbinu ya mzee, hakuifundisha nje."

"Anayeijua ni nani?"

"Mzee. Mimi. Na Fernand Jacquemond, aliyegombana naye akaenda kufungua karakana yake Firminy. Basi."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, Anselme Teyssot akaingia na mabomba begani. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alimwamkia inspekta, akayashusha mabomba, na ndipo macho yake yakaangukia mezani. Akauchukua waya mwekundu. Akauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Umeutoa wapi huu?"

"Ndani ya uma wa Chomarat."

Mzee aliurudisha mezani polepole, akaenda kwenye karai kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Alinawa kwa muda mrefu.

"Bwana Inspekta," alisema akiwa amewapa mgongo, "mimi nilishatia saini. Sitii saini mara mbili kitu kimoja."

"Bosi, si uma wetu huo," alisema Lucienne. "Umepitiwa moto upya. Mwambie."

"Lucienne, washa gesi. Tuna kazi."

*

Fernand Jacquemond alikuwa akila viazi vya kukwaruza vilivyokaangwa, akitumia tupa safi kama uma wa mezani, na hakuacha kula kwa ajili ya polisi.

"Nilijua mtakuja kwangu. Wakikosa mwizi wanamkamata jirani."

"Uligombana na Teyssot."

"Miaka minane nilifanya kazi kwake, na miaka yote minane niligombana naye. Karibu viazi."

Vialleton alikula, kwa sababu vilinukia vizuri, na akaweka picha ya shingo iliyokatika kando ya kikaango. Fernand aliisogeza karibu na dirisha.

"Hii rangi ni ya brashi. Ona michirizi. Mzee anaoka rangi tanurini, angejiua kabla hajashika brashi." Akaigeuza picha. "Na huyu alikaa na moto mno. Aliogopa shaba haitapita, akaongeza, akaongeza tena. Aliyejifunza kwa mkono hafanyi hivyo. Hivi anafanya mtu aliyejifunza kwa kusikiliza."

"Waya ulirudishwa ndani."

Fernand alicheka mpaka akakohoa. Akamshika Vialleton kiwiko, akampeleka kwenye safu ya baiskeli tisa zilizoning'inia ukutani. Kwenye kila moja waya ulipita kwa nje, umeshikwa kwa vibano vidogo vya chuma.

"Unajua tuligombania nini? Hicho hicho. Nilimwambia waya ukikatika ndani, mteja yuko mlimani, mvua inanyesha, atafanya nini, ampigie daktari? Akaniambia waya wa nje ni kama mtu kutembea utumbo ukining'inia. Nikavua aproni. Tangu siku hiyo sijaficha hata waya mmoja, na kila mteja wangu ninampa hotuba bure. Waulize."

Vialleton aliuliza. Wateja wawili waliokuwa wakingoja uani walianza kuikariri hotuba yenyewe kabla hajamaliza swali.

"Fikiri, Inspekta," Fernand alisema akimsindikiza. Sasa alikuwa hatanii. "Mtu ana uma mbovu mkononi. Angeuacha waya nje angeokoa nusu siku. Lakini hawezi kuvumilia kuuona. Huo ni ugonjwa wa nyumba ile. Mtafute mgonjwa mwingine."

*

Alhamisi asubuhi Vialleton alikwenda kwa mjane. Hakuwa na swali kubwa. Alitaka tu kujua baiskeli ilikuwa ikilala wapi. Alipandisha kidole kwenye kitufe cha kengele, na kidole kikabaki hapo hapo.

Kutoka kwenye kitufe, waya ulipanda kandokando ya fremu ya mlango, umepigiliwa kwa misumari midogo iliyopangwa sawasawa kama kwa rula. Ulikuwa mwekundu.

Blandine Chomarat alifungua. Alikuwa na nguo nyeusi na macho ya mtu ambaye halali.

"Kengele imeharibika?"

"Hapana, Bi Chomarat. Nani aliifunga?"

"Mume wangu. Mwezi wa tano."

"Kabla ya hapo alianguka na baiskeli?"

Alishangaa. "Mwezi wa nne. Alirudi kwa miguu, kifundo cha mkono kimevimba. Alisema ameteleza kwenye reli za tramu. Kwamba baiskeli haina kitu. Akanikataza nisimwambie Mzee Teyssot."

"Kwa nini?"

"Atacheka, alisema. Nikadhani mambo ya wanaume." Akakunja mikono. "Na sasa sitaki kulisikia jina la yule mzee. Alikuja mazishini, akasimama nje ya geti na kofia mkononi. Nilimtuma shemeji yangu amfukuze."

"Baada ya kuanguka, mume wako alikuwa akifanya nini jioni?"

"Alikuwa chini ghalani. Alisema anatengeneza kengele."

"Kwa muda gani?"

"Wiki mbili." Alimtazama. "Mimi sijui kengele inachukua muda gani, Inspekta."

Ghala la chini lilikuwa nadhifu kama daftari la mwalimu. Palikuwa na jiliwa, na tupa zimefungwa katika kitambaa chenye mafuta. Palikuwa na mkebe wa rangi ya kijani na brashi iliyooshwa. Rola la waya mwekundu wa kengele lilikuwa limebaki nusu. Sumaku ilikuwa ukutani, na kwenye uzi uliofungwa pale ilining'inia sindano iliyovunjika. Ndani ya sanduku la sigara kulikuwa na kipande cha waya mweusi ulioungua.

Kwenye rafu kulipangwa vipande sita vya bomba vilivyoungwa kwa shaba, na kila kimoja kimeandikwa namba kwa chaki. Namba moja ilikuwa donge. Namba tatu ilianza kufanana na kitu. Namba sita ilikuwa laini na imepigwa tupa mpaka usingeona mwanzo wala mwisho wa shaba, na mtu asiyejua moto angesema ni kazi ya Lucienne Peyrard.

"Gesi alipata wapi?"

"Shuleni kwake wanafundisha kuchomea. Alikuwa na ufunguo." Blandine alikishika kipande cha sita. "Hivi ni vya nini?"

Vialleton angeweza kumwambia asubiri hakimu. Hakufanya hivyo, kwa sababu mjane alikuwa amemwuliza waziwazi.

"Alikuwa anajifunza. Uma ulipinda alipoanguka. Akaunyosha, akauunga upya mwenyewe, akapaka rangi, akarudisha waya ndani ili mzee asijue. Kila Alhamisi alikuwa akiiegesha baiskeli mbele ya macho ya watu wawili wanaojua kuliko wote, na hawakuona kitu. Kwa nje alifanya kazi nzuri."

Blandine alikaa kwenye ngazi. Alilia bila kujificha na bila kupandisha sauti, kile kipande kikiwa mapajani. Vialleton alivua kofia akangoja.

"Kwa hiyo hakuna aliyemwua," alisema hatimaye.

"Hakuna."

"Na yule mzee ametia saini."

"Ndiyo."

"Nipeleke."

*

Teyssot alikuwa akipinda mguu wa uma kwenye kalibu ya mbao, akisukuma kwa uzito wa mwili wote. Lucienne alizima gesi alipoona ni nani aliyeingia. Kigoda kilikuwa bado karibu na dirisha, na ilikuwa Alhamisi.

Vialleton aliviweka vipande sita mezani, kwa mpangilio wa namba, na rola la waya mwekundu pembeni. Mzee hakuvigusa. Lucienne alivigusa vyote. Alipofika cha sita alikigeuza mara mbili, akafumba macho.

"Ulijua tangu jana," alisema Vialleton. "Ulipouona waya."

"Nilimpa sumaku mwenyewe," alisema Teyssot. "Krismasi ya mwaka juzi. Aliniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha. Nani angedhani mwalimu wa hesabu ataitumia?"

"Na saini? Ulitia kabla ya waya."

"Mhandisi alisema aliyeunga ana kosa. Aliyeunga ni Lucienne. Nilitia saini kwa ajili yake." Akainamisha kichwa. "Baada ya waya niliiacha kwa ajili ya huyu bibi. Mtu aliyefiwa anahitaji pa kupeleka hasira. Akiipeleka kwangu, mimi ni mzee, nitaibeba. Akiipeleka kwa marehemu, itamla yeye."

"Mzee, hakimu hapokei saini za huruma. Nitapeleka vipande hivi na ushahidi wa Bi Lucienne kuhusu waya, na ile karatasi yako itafutwa."

"Andika na hili, basi. Nilimfundisha kuficha waya. Nilimfundisha kupiga tupa mpaka shaba isionekane. Miaka mitano alikaa pale, na hata siku moja sikumwambia kwamba uma uliopinda haunyoshwi, unawekwa kwenye chuma chakavu. Nilidhani kila mtu anajua."

"Tulimcheka," Lucienne alisema. "Mteja akileta kitu kilichopinda, mzee alikuwa anamtukana mpaka anaondoka bila kofia. Mwalimu alikuwa anacheka na sisi pale kwenye kigoda."

Blandine alikuwa bado mlangoni. Alivuka karakana, akapita kando ya kigoda, akasimama mbele ya mzee. Walikuwa wa kimo kimoja.

"Nilikufukuza mazishini."

"Ulikuwa na haki."

"Niambie kitu kimoja. Mwezi wa nne, angekuja hapa na ule uma uliopinda, angekuambia ukweli, ungefanya nini?"

Teyssot alitazama mikono yake. Kisha akautazama mguu wa uma uliokuwa kwenye kalibu, nusu umepindwa, nusu umenyooka.

"Ningemtukana mchana kutwa," alisema. "Halafu ningemtengenezea mwingine. Ni kazi ya siku mbili."